Gari likizeeka, bima kubwa ina faida gani?

Kila mwaka stika ya bima inapoisha muda wake, wenye magari yaliyochakaa hukabiliwa na swali lile lile: waendelee na bima kubwa au washuke kwenye bima ndogo. Wengi hulijibu kwa mazoea. Aliyezoea bima kubwa huilipia tena bila kuuliza, na aliyezoea ndogo huamini kuwa ameokoa fedha. Hesabu zinaonyesha kuwa wote wawili wanaweza kuwa wanapata hasara.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari Tanzania Bara awe na bima ya kufidia watu wengine wanaokufa au kujeruhiwa kutokana na gari lake. Hiyo ndiyo bima ndogo, na haina hiari. Hiari ipo katika kulikinga gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi.

Chukua mfano wa Toyota Corolla yenye thamani ya Sh 8,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada ya bima kubwa ni Sh 280,000. Ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, jumla inafika Sh 330,400. Kama bima ndogo ni Sh 118,000 pamoja na kodi, mwenye gari anaongeza Sh 212,400 ili kulikinga gari lake. Likiharibika kabisa, na mkataba ukimtaka abebe mwenyewe asilimia 10 ya hasara, atalipwa Sh 7,200,000. Kinga hiyo ni karibu mara 34 ya fedha alizoongeza.

Miaka ikapita, Corolla hiyo ikashuka hadi Sh 3,000,000. Asilimia 3.5 ya thamani hiyo ni Sh 105,000 tu, lakini kampuni huwa na kima cha chini cha ada. Kikiwa Sh 250,000, pamoja na kodi atalipa Sh 295,000, yaani karibu asilimia 10 ya thamani ya gari kila mwaka. Anaongeza Sh 177,000 juu ya bima ndogo ili akingwe kwa Sh 2,700,000, takriban mara 15. Kwa hiyo gari linavyozidi kuzeeka ndivyo kila shilingi ya ada inavyonunua kinga ndogo zaidi.

Kosa lingine ni kuacha thamani ya zamani katika mkataba. Kwa kawaida kampuni hulipa bei ya gari sokoni siku ya ajali, si kiasi kilichoandikwa miaka mitano iliyopita. Anayelipia Sh 8,000,000 kwa gari la Sh 3,000,000 analipia kinga ambayo hataipata. Na anayeandika thamani ya chini mno ili kupunguza ada anaweza kupunguziwa fidia kwa uwiano huo huo, kama mkataba una kifungu hicho.

Hata hivyo, thamani ya gari si kipimo pekee. Mwenye teksi ambaye gari ndilo mtaji wake hawezi kulinganishwa na mfanyakazi anayeweza kupanda daladala gari likilala gereji. Swali la msingi ni hili: gari likipotea leo, je, mwenyewe anaweza kununua jingine bila kukopa wala kugusa mtaji wa biashara? Kama hawezi, ada kubwa ina sababu. Kama anaweza, tofauti ya ada ni bora iwekwe benki kwa ajili ya vipuri. Aliyenunua gari kwa mkopo hana la kuchagua, kwani benki huhitaji bima kubwa hadi deni liishe.

Ipo pia njia ya kati: bima ndogo iliyoongezwa moto na wizi. Inamfaa mwenye gari la bei ya wastani ambalo vipuri vyake vilivyotumika hupatikana kwa urahisi Kariakoo au Ilala, lakini hulala nje usiku.

Jambo la kuangalia zaidi katika bima ndogo ni kikomo cha fidia kwa mali ya watu wengine. Gari huchakaa, lakini madhara linayoweza kuwafanyia wengine hayachakai. Corolla ya Sh 3,000,000 inaweza kugonga Land Cruiser mpya, na kinachozidi kikomo kitatoka mfukoni mwa mwenye Corolla.

Tangu sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko lililokuwa la Shirika la Bima la Taifa peke yake, mteja ana kampuni nyingi za kuchagua. Kabla ya kulipa, aulize mambo manne: thamani ya gari sokoni leo, kima cha chini cha ada, sehemu ya hasara atakayobeba mwenyewe, na kikomo cha mali ya wengine. Akishalipa, ahakiki stika yake katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwani stika ya bandia hailipi fidia yoyote.