Wi-Fi ya bure ikikataa kufungua ukurasa: sababu zake, na kwa nini redio bado ina kazi

Umeunganisha simu kwenye Wi-Fi ya bure. Ujumbe wa WhatsApp unapita vizuri, lakini video haichezi, au ukurasa unaoutafuta unaleta neno "umezuiwa". Simu yako si mbovu. Makala hii inaeleza kinachotokea, na kwa nini familia zinazoishi hapa Rubavu, karibu na mpaka wa Goma, zisitegemee Wi-Fi peke yake.

Kwa nini kurasa nyingine hazifunguki?

Ukiandika jina la tovuti, simu yako kwanza huuliza namba ya tovuti hiyo, kama mtu anayetafuta jina katika kitabu cha simu. Mwenye Wi-Fi anaweza kuagiza kwamba majina fulani yasipewe jibu. Mara nyingi sababu ni hizi:

- kuwalinda watoto na picha za ngono au kamari;
- kulinda kasi, kwa kuwa video za watu wachache zinaweza kuwakwamisha wengine wote;
- kufuata sheria za nchi au masharti ya anayelipia huduma.

Kichujio hakina akili ya mtu. Ukurasa kuhusu uzazi au saratani ya matiti unaweza kuzuiwa kwa sababu ya neno moja tu. Ikitokea hivyo, mwambie msimamizi wa eneo au kamati yenu. Taja jina la tovuti, siku na saa. Kuuliza si kosa.

Foni na redio ya ridhaa

Kabla ya simu za mkononi kuenea, watu wengi mashariki mwa Kongo walikwenda kwenye "foni": redio ya masafa marefu, yenye betri na waya uliotundikwa juu. Uliongea na ndugu aliye mamia ya kilomita bila mnara wowote katikati. Siri haikuwepo, maana kila aliyekuwa kwenye masafa hayo alikusikia. Simu zilipofika, foni nyingi zilifungwa.

Redio ya ridhaa inafanana na foni. Mtu binafsi hupewa leseni ya kurusha mawimbi, si kwa biashara, na hutumia alama yake: za Rwanda huanza na 9X, za Kongo na 9Q. Katika eneo letu haikuwahi kuwa na watu wengi. Vifaa ni ghali, leseni inahitajika, na vijana wamezoea simu.

Lakini ina faida yake. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoangusha minara ya simu Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendesha redio wa ridhaa 50 wasaidie kupeleka taarifa za watu walionusurika.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, kisha tena tarehe 22 Mei 2021. Mara zote mbili watu kwa maelfu walivuka kuja Gisenyi. Tarehe 27 Mei 2021 wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka, na wengi waliondoka na walichoweza kubeba tu. Watoto walitengana na wazazi. Katika saa kama hizo simu huisha chaji na mtandao hulemewa. Namba iliyo ndani ya simu tu hupotea pamoja na simu.

Unachoweza kufanya leo

- Andika kwenye karatasi namba za ndugu watatu, uiweke pamoja na vitambulisho vyako.
- Mfundishe mtoto majina kamili ya wazazi wake na mahali anapoishi.
- Kubalianeni mahali pa kukutana endapo mtatengana.
- Weka redio ndogo ya FM na betri za akiba.
- Usinunue redio ya kuongelea bila leseni. Nchini Rwanda leseni hutolewa na RURA, na karibu na mpaka kifaa kisicho na kibali kinaweza kukuletea matatizo makubwa.
- Ukipotezana na ndugu, nenda Msalaba Mwekundu. Huduma ya kutafuta jamaa ni bure.

Wi-Fi itumie, lakini karatasi hiyo iandike leo, kabla hujaihitaji.