Kabla ya Kutia Swichi Kwenye Buti

Porsche 911 ya kizazi cha 997, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, injini yake iko nyuma na buti liko mbele. Betri nayo imekaa mbele, chini ya kifuniko hichohicho cha buti, na kifuniko hicho hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, mwenye gari anabaki amesimama nje: buti linataka umeme ili lifunguke, na umeme umefungiwa humo ndani.

Waliolitengeneza walilijua hilo mapema. Kwenye kisanduku cha fyuzi, ndani ya gari, waliweka ncha ya chanya inayovutwa nje. Unaifunga kwa waya mwekundu wa betri ya kuazima, waya mweusi unaubana kwenye chuma cha mlango, kisha unabonyeza rimoti na kifuniko kinaachia. Kama alamu ilikuwa imewashwa, honi italia na majirani watachungulia. Vumilia tu.

Mtu anayetaka kuweka buti la umeme kwenye gari lake dogo la spoti huuliza kwanza swichi itakaa wapi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: umeme ukikosekana, nitaingia vipi? Chukua Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyozinduliwa Chicago Februari 1989 na kuuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Betri yake iko ndani ya buti, na kitundu cha ufunguo kiko nyuma ya gari. Wapenzi wa gari hili hutamani kukiziba kitundu hicho ili sehemu ya nyuma ibaki laini, na buti lifunguke kwa kitufe tu. Ukifanya hivyo umejitengenezea tatizo la Porsche bila ile ncha ya akiba.

Ushauri wangu ni kukiacha kitundu cha ufunguo mahali pake. Umeme uwe njia ya pili. Ukishikilia kukiziba, basi funga kebo nyembamba ya chuma kwenye kitasa, hata ile ya breki ya baiskeli inatosha, uipitishe hadi mahali pa siri nyuma ya viti. Ipe ulegevu kidogo ili isikivute kitasa gari likirukaruka kwenye matuta.

Sasa tuje kwenye kitasa chenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ndani yake kuna ndoano inayoshika pete ya chuma, na ulimi mdogo unaoizuia ndoano isirudi nyuma. Kufungua buti ni kuuvuta ule ulimi, basi. Lakini mpira wa kuzuia maji unakisukuma kifuniko juu muda wote, kwa hiyo ndoano inaukandamiza ulimi, na mvuto mgumu kuliko yote ni ule wa mwanzo, kabla ulimi haujaanza kuteleza.

Solenoidi ina tabia iliyo kinyume kabisa. Ni koili ya waya yenye pini ya chuma katikati. Ukipitisha umeme, sumaku inaivuta pini ndani, lakini pini ikiwa mbali nguvu ni ndogo, na huongezeka sana milimita za mwisho. Kwa hiyo pale kitasa kinapohitaji nguvu nyingi, solenoidi inakuwa na nguvu kidogo. Ndiyo maana fundi anayeunganisha pini na ulimi kwa waya uliokazwa sawasawa husikia "tii" na buti halifunguki, akaenda kununua solenoidi kubwa zaidi bila sababu. Acha waya uwe na ulegevu wa milimita mbili tatu. Pini ipate mwendo kwanza, ndipo iugonge ulimi. Ni tofauti ya kuupiga msumari kwa nyundo na kuusukuma kwa nyundo hiyohiyo.

Wengine hutumia mota ndogo za sentraloki za milangoni kwa kuwa ni rahisi na zinapatikana kila duka la vipuri. Kwa kitasa chepesi zinafaa. Kwa kitasa kigumu, mota hiyo itavuta na kuishia njiani.

Pima koili kwa mita kabla ya kununua waya. Ikionyesha omu 1, basi kwa volti 12 itavuta ampea 12, yaani wati 144 zinazogeuka joto ndani ya kitu kidogo cha kushikika kiganjani. Haijaundwa kubeba joto hilo kwa muda mrefu. Tumia kitufe cha kubonyeza na kuachia, si swichi ya kuwasha na kubaki, na kitufe hicho kisibebe mkondo huo mkubwa. Kazi hiyo ni ya rilei. Kwenye rilei ya kawaida ya gari, mguu namba 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na betri, 87 unaenda kwenye solenoidi, 86 unapata chanya, na 85 unaenda kwenye kitufe ambacho mwisho wake ni ethi. Kwa njia hiyo waya unaopita ndani ya gari hadi kwenye kitufe unabeba sehemu ndogo tu ya ampea. Waya wa solenoidi uwe mnene, milimita za mraba 2.5 hivi, na ethi yake ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ethi iliyofungwa juu ya rangi ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ya umeme wa magari, na sitaki kusikia mtu akisema eti bolti inatosha.

Koili ikikatiwa umeme ghafla hurudisha mshtuko wa volti nyingi. Dayodi ndogo kama 1N4001 iliyofungwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, inaumeza mshtuko huo. Ifungwe kinyume, fyuzi itakatika mara moja.

Kwenye MX-5 kuna jambo la ziada. Kwa kuwa betri iko ndani ya buti, ile ya asili ni ya aina iliyozibwa, yenye mirija ya kutolea gesi nje. Mtu akiweka betri ya kawaida ya maji bila mirija, haidrojeni itajikusanya humo, na miguso ya rilei hutoa cheche. Rekebisha betri kwanza, rilei baadaye.

Kuhusu kitufe: gari lenye paa la turubai halina siri. Mwizi mwenye wembe anafika kwenye dashibodi kwa sekunde chache. Chanya ya mguu 86 wa rilei ichukuliwe kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, au ukiwa na alamu, tumia njia yake ya rimoti. Na kwa magari yenye buti mbele, usiguse kile kitasa cha pili cha usalama kinachofunguliwa kwa vidole. Kifuniko kikifunguka mwendoni, hicho ndicho kinachokizuia kisipigwe na upepo hadi kikazibe kioo cha mbele.

Pia kuna upande wa ndani. Marekani inalazimisha magari yenye buti yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2001 yawe na kishikio ndani ya buti, kinachoonekana gizani, ili aliyefungiwa aweze kujifungulia. Sheria hiyo ilisukumwa na Janette Fennell, aliyetekwa pamoja na mumewe San Francisco mwaka 1995 na kufungiwa ndani ya buti la gari lao, na pia na vifo vya watoto 11 waliofungiwa kwenye mabuti ya magari majira ya joto ya 1998. Ukifunga kitasa cha umeme kwenye gari lenye kishikio hicho, hakikisha bado kinauvuta ulimi moja kwa moja.

Ukimaliza, usifunge kifuniko. Kiache wazi, sukuma ndoano kwa bisibisi mpaka ishike kama vile buti limefungwa, kisha bonyeza. Rudia mara nyingi, na ujaribu pia kwa betri iliyochoka: volti zikishuka kutoka 12.6 hadi 10, nguvu ya solenoidi hubaki karibu theluthi mbili tu. Ikiachia hapo, jaribu kebo ya akiba huku kichwa cha betri kimefunguliwa. Hiyo nayo ikikubali, funga buti.