Uikarabati nyumba ya mzee, au ukaanze msingi Chanika?

Kuna ubishi mmoja ambao hapa Dar hauishi, si kijiweni, si saluni, si ndani ya daladala la Gongo la Mboto. Kijana kapata kazi, kacheza michezo miwili mitatu ya upatu, kibubu kimenona. Ghafla kila mtu ni mshauri wake. Washkaji wanamwambia atafute kiwanja, eti mwanaume kwake. Mama naye anamwita pembeni: "Mwanangu, nyumba ya marehemu baba yako hii hapa Magomeni inavuja, wewe unakwenda kujenga porini kwa nani?" Na mchumba ana lake: yeye na mawifi uani mmoja, hapana.

Hapo ndipo vijana wengi wanapokimbilia kuuliza ipi rahisi, kujenga au kukarabati. Wanamwita fundi, fundi anazunguka nyumba mara moja, anagonga ukuta kwa kidole, halafu anataja bei. Hebu tuambizane ukweli: fundi ndiye mtu wa mwisho kuulizwa. Kabla yake kuna maswali mawili, nayo ndiyo yanayoamua kama pesa yako itabaki kuwa yako.

NYUMBA NI YA NANI?

Swali la kwanza linachoma, ndiyo maana watu wanalikwepa. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, si yako, hata kama wewe ndiye unayelipa umeme na maji. Ni ya warithi wote, pamoja na yule dada aliyeolewa Morogoro na yule mdogo wenu wa mama mwingine ambaye huwa mnamwona msibani tu.

Kibongobongo mambo huenda hivi. Kijana anabadilisha bati, anaweka vigae, anavuta maji ndani, anatoa choo cha uani na kujenga cha kisasa. Ndugu wanakuja Idi au Krismasi, wanakula pilau, wanasifia. Miaka mitano baadaye mmoja anakwama kimaisha, anasema, "Kaka, nyumba ya baba iuzwe tugawane." Vigae vimeshagandishwa sakafuni, risiti za saruji zilitupwa zamani. Kijana anapewa fungu sawa na mwenzake ambaye hajanunua hata misumari.

Dawa yake ipo. Mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, na wote wajue kwamba msimamizi wa mirathi si mmiliki, kazi yake ni kukusanya na kugawa. Kisha ukoo ukae. Ama uwanunulie wenzako mafungu yao, ama mwandikiane mbele ya mwanasheria kwamba gharama zako zitarudi kwanza siku nyumba ikiuzwa. Mtu akikuambia, "Sisi ndugu, ya nini karatasi?" mwambie kwa upole kwamba karatasi ndiyo itakayofanya muendelee kuwa ndugu.

Mkishamaliza hilo, fungueni hati yenyewe. Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunamilikishwa kwa muda, na hati nyingine ni za miaka 33, nyingine 66, nyingine 99. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na hati iliyokwisha muda, au deni la kodi ya ardhi la miaka nenda rudi. Hilo nalo utalirithi pamoja na kuta.

IMESIMAMA JUU YA NINI?

Karatasi zikiwa safi, shuka chini, kwenye msingi. Nyumba nyingi za Magomeni, Ilala, Temeke na Kinondoni tunazijua ramani yake: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko na choo. Msingi wake ulichimbwa ili ubebe ukuta na bati, basi. Fundi akikuambia, "Bosi, hapa tunapandisha ghorofa moja tu," muulize nguzo ziko wapi na nani aliyepima udongo. Jiji hili limeshazika watu wa kutosha. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka katikati ya jiji na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 lingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ghorofa si kazi ya kukisia. Ni kazi ya mhandisi na kibali cha ujenzi.

Hata kama huna mpango wa ghorofa, ikague nyumba kama unavyokagua gari la mtumba. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu zisikutishe. Ufa unaopenya hadi upande wa pili, au unaopanda kama ngazi kufuata tofali, huo ni wa msingi. Upake saruji kidogo kwa juu, andika tarehe, subiri masika yapite. Saruji ikikatika, nyumba bado inatembea, na rangi ya bei mbaya haitaisimamisha.

Angalia ukuta kwa chini. Ukikuta unga mweupe wa chumvi na rangi inabanduka kila mwaka, unyevu unapanda kutoka ardhini. Gonga mbao za kenchi. Zikilia mvungu, mchwa wameshafanya sherehe. Nyaya za umeme zilizowekwa enzi za taa mbili na redio hazitabeba friji, pasi na kiyoyozi. Paa likiwa la asbesto, usiruhusu fundi alikate kwa msumeno, maana vumbi lake ni sumu ya mapafu. Halafu muulize mama au jirani mzee: mashimo ya choo ya zamani yalikuwa wapi? Uswahilini shimo likijaa hufukiwa na kuchimbwa jingine. Ukiweka chumba juu ya lile la mwaka 1975, utakuja kushuka nacho.

PORINI NAKO SI BURE

Sasa twende Chanika, Bunju, Kibaha au Kigamboni, kwenye kiwanja chako mwenyewe kisicho na shemeji wala shangazi. Raha yake inajulikana. Unachora unachotaka, unaweka jiko ndani, unapaua paa la kuficha kama la kwenye picha.

Ila maswali ni yale yale mawili. Kiwanja ni cha nani? Mhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unaonyesha tu kwamba mliuziana mbele ya mwenyekiti. Hauonyeshi kwamba eneo limepimwa, wala kwamba halikuuzwa kwa wengine watatu. Nenda ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hela, usiende baada. Kiwanja kilichopimwa ni ghali, lakini waulize waliopata ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kule Mbweni, Bunju, Buyuni na kwingineko. Wanajua mpaka wao ulipo.

Kisha, kimesimama juu ya nini? Desemba 2011 mafuriko yalizoa nyumba za mabondeni, waliosalimika wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo usikione kiwanja wakati wa kiangazi ukaridhika. Kione pia mvua ikinyesha, na uulize hifadhi ya barabara inaishia wapi.

Ukishajibiwa, ongeza gharama ambazo dalali hakuambii. Utajenga huku bado unalipa kodi ya chumba mjini. Utalipa mlinzi, la sivyo nondo zitahama usiku. Utavuta umeme na maji. Ukihamia, utaamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini. Hesabu nauli ya mwezi mzima, ya kwako na ya watoto wa shule, halafu linganisha na ile nafuu ya kiwanja.

Na tofali ulizione zikifyatuliwa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali kama 30 za inchi 6, mambo safi. Ukitoa 45 na zaidi, unanunua mchanga uliopigwa umbo. Zimwagiliwe maji walau wiki nzima.

SASA UFANYEJE?

Mimi naona hivi. Kama karatasi ziko sawa na msingi ni mzima, karabati. Hapo mjini tayari una barabara, maji, umeme, hospitali na soko, vitu ambavyo kwa huko nje utavingoja miaka. Anza na paa, kisha maji machafu, kisha nyaya. Vigae na jipsam baadaye. Tenga angalau moja ya tano ya bajeti kwa ajili ya mambo yatakayojitokeza ukuta ukishabomolewa, maana lazima yajitokeze.

Kama karatasi ziko sawa lakini msingi umechoka, usiivishe maiti suti. Vunja, ujenge upya pale pale kwa ramani na kibali. Itauma, lakini ni mara moja.

Kama karatasi zina utata na ndugu hawataki kukaa kikao, mzibie mama bati lisivuje, mtengenezee choo, umshukuru Mungu kwamba unaweza. Huo ni wema kwa mzazi, usiuite uwekezaji. Pesa ya maisha yako ipeleke kwenye kiwanja kilichopimwa. Anza na banda la uani, chumba, sebule na choo, huku ramani ikionyesha nyumba kubwa itakakokaa. Banda lililokwisha lina faida kuliko pagale la vyumba vinne linaloota majani huku nondo zinashika kutu.

Kwa kifupi, pesa ifuate karatasi kwanza, msingi pili, rangi mwisho. Rangi itasubiri, hata miaka miwili. Kikao cha ukoo ndicho kisichosubiri, kwa sababu wazee wanaojua mpaka wa kile kiwanja, na mzee alimwahidi nani nini, hatutakuwa nao siku zote. Piga simu, mnunue sukari na majani ya chai, mkae Jumapili hii.