Magadi ya Nagasaki

Nyumbani kwetu kazi ya magadi ilikuwa kulainisha. Bibi alikuwa akivunja kipande kidogo, anakiloweka kwenye kikombe, anangoja taka zitulie chini, halafu anamimina yale maji ya juu kwenye chungu cha maharage. Maharage yaliyoingia chunguni magumu kama kokoto yalitoka yakipondeka kwa ulimi. Baadaye nilisomea sayansi ya chakula, nikajifunza vitabuni kwamba magadi hayohayo, yakitiwa kwenye unga wa ngano, hufanya kinyume chake: hukaza. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Nililionja Nagasaki.

Nagasaki ni bandari iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Kyushu, na kutoka pale Shanghai ni karibu kuliko Tokyo. Chakula chake cha kujivunia ni chanpon, bakuli kubwa la tambi nene zilizozama kwenye supu nyeupe kama tui, juu yake kilima cha mboga na vitu vya baharini. Wageni wengi huihesabu kuwa aina ya rameni. Kwa jicho la mpishi hivyo ni vyakula viwili. Rameni huungwa bakulini: tambi zinachemshwa kwenye maji yake, supu inachemka kwenye sufuria yake, nyama imeshapikwa mapema, kisha vyote vinakutanishwa mwisho. Chanpon hupikwa karaini, yote kwa pamoja.

Nilikaa kwenye kaunta ya mgahawa mdogo, mita moja hivi kutoka jikoni, nikaangalia. Karai lilikuwa jeusi, moto wa gesi unalia chini yake. Yalitangulia mafuta ya nguruwe, zikafuata nyama zilizokatwa nyembamba, ngisi, kamba na kome, kisha kabichi, karoti, kitunguu na konzi mbili za machipukizi ya choroko. Mpishi alirusha na kugeuza kwa muda mfupi sana, kabichi ikiwa bado ina mlio wake, akamwaga upawa wa supu ya mifupa ya nguruwe na kuku. Karai likanguruma, mvuke ukamfunika uso. Ndipo akatia tambi, ambazo zilikuwa zimekwisha kuchemshwa, zikatokota upya humo humo katikati ya ngisi na kabichi. Alipopakua, tambi zilitangulia bakulini na mboga zikapandishwa juu yake.

Hebu fikiria spageti, au tambi zetu za kawaida za pakiti, zikifanyiwa hivyo. Umeshazichemsha, unazirudisha jikoni kwenye supu inayotokota, unazigeuza kwa upawa pamoja na mboga. Zingevimba na kukatikakatika, na mwisho ungekula uji. Tambi za chanpon hunywa supu hadi ndani na bado zinakataa kukatika mpaka meno yazikate.

Kinachozilinda kinaitwa toaku. Maana yake ni maji ya majivu ya Kichina, na ni mchanganyiko wa alkali unaotengenezwa hapohapo Nagasaki. Kwingineko Japani watengenezaji wa tambi za rameni hutumia kansui, ambayo kwa kawaida huwa na kaboneti ya potasiamu kwa wingi. Toaku imeelemea upande wa pili: sehemu yake kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi. Kaboneti ya sodiamu ndiyo iliyomo kwa wingi kwenye magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, na yanayoganda kando ya Ziwa Natron, Tanzania. Na wale mama zetu wanaochoma maganda ya ndizi au ya maharage, wakachuja maji ya majivu yake kupikia mboga, wanapata zaidi ile ya potasiamu. Tofauti ya Nagasaki na Japani nyingine, kwa lugha ya jikoni zetu, ni tofauti ya magadi ya ziwani na magadi ya majivu.

Sasa inakuwaje kitu kimoja kilainishe maharage na kikaze tambi? Jibu liko katika kile kinachoshikilia kila chakula. Maharage yameshikwa na pektini, gundi iliyo kati ya seli na seli, ambayo kalisi huifunga barabara. Alkali huivunja gundi hiyo, sodiamu hukaa mahali pa kalisi, seli zinaachana, na maharage yanapondeka. Unga wa ngano haushikwi na pektini. Unashikwa na gluteni, ule utando unaovutika ambao kila mpika chapati anaujua kwa vidole vyake kabla hajaujua kwa jina. Alkali huzifanya protini za gluteni zishikane kwa nguvu zaidi. Donge linakuwa gumu kukanda, na tambi inakuwa na ubishi fulani mdomoni. Rangi nayo hubadilika. Unga una vijenzi viitwavyo flavonoidi, ambavyo kwa kawaida havionekani, lakini vikikutana na alkali vinageuka manjano. Wengi hudhani ile manjano ni ya yai. Mara nyingi hamna yai hata moja. Toaku huacha pia harufu yake, hafifu, ambayo mtu aliyezoea mboga za magadi haimshangazi.

Maarifa haya yalishuka melini. Nagasaki ilifunguliwa kwa meli za Wareno mwaka 1571, wakati Wareno haohao walikuwa wakizunguka pwani yetu, na alama zao zimebaki katika lugha zote mbili: sisi tunacheza karata, Wajapani wanacheza karuta, na neno ni lilelile. Watawala wa Japani walipowafukuza Wareno na kufunga milango ya nchi, Nagasaki iliachiwa upenyo. Kuanzia 1641 Waholanzi waliwekwa kwenye kisiwa kidogo cha kutengenezwa kiitwacho Dejima, chenye umbo la pepeo lililokunjuliwa. Wachina, waliokuwa wengi zaidi, walijengewa mtaa wao wenye ukuta mwaka 1689. Habari za Dejima zimeandikwa sana, na ni mahali panapostahili kutembelewa, lakini ukitaka kujua mji huu unakula nini, wafuate Wachina.

Mwaka 1892 aliwasili kijana kutoka Fujian, Chen Pingshun. Mwaka 1899 alifungua mgahawa na kuuita Shikairo, yaani jumba la bahari nne. Inasimuliwa kwamba aliwaona wanafunzi wa Kichina mjini hapo wakila vibaya kwa sababu ya kukosa fedha, akawatengenezea mlo wa kushibisha kwa bei nafuu kwa kufuata tambi za supu za kwao, akitia vile vilivyopatikana kwa urahisi bandarini: ngisi wadogo, kome, kabichi, machipukizi. Mgahawa upo hadi leo karibu na maji, bado uko mikononi mwa ukoo wake, na ndani yake kuna makumbusho madogo ya chanpon. Neno lenyewe limeingia katika Kijapani cha kila siku kwa maana ya kuchanganya vitu visivyofanana, kama sisi tunavyosema mseto, ambao nao ulianzia chunguni.

Anayekwenda atumie tramu, zinazotembea mjini humo tangu 1915. Ateremke Shinchi, mtaa wa Kichina wenye milango minne mikubwa, njia zake unazimaliza kwa dakika tano. Kama anaweza kupanga safari, aende wakati wa mwaka mpya wa Kichina, maelfu ya taa za karatasi zikiwa zimetundikwa. Kisha apande taratibu hadi hekalu la Sofuku-ji, lililojengwa na watu wa Fujian mwaka 1629. Nami nakuomba usiondoke bila kuiona sufuria yake ya chuma, kubwa kiasi kwamba watu kadhaa wangeweza kusimama ndani. Ilisubiwa miaka ya 1680, wakati wa njaa, ili kuwapikia uji wenye njaa wa mji. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikimfikiria Chen na wanafunzi wake. Watu wa Fujian walikuwa wanalisha mji huo kutoka chungu kimoja miaka mia mbili kabla yake.

Hekalu hilo lilinusurika kwa sababu ya vilima. Bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945 lililipuka saa tano na dakika mbili asubuhi juu ya bonde la Urakami, upande wa kaskazini, na vilima vikakinga sehemu ya mji wa kale. Tramu ileile inakupeleka Urakami. Mimi nilikwenda huko siku ya kwanza, kabla ya kula chochote, na nadhani huo ndio utaratibu wenye heshima.

Kwa msomaji ambaye nguruwe kwake ni haramu, ajue mapema kwamba chanpon ya kawaida ina nyama yake, mafuta yake na mifupa yake, na kuiondoa ile nyama ya juu peke yake hakusaidii kitu. Ndugu wa chanpon, sara udon, ambayo ni tambi zilizokaangwa zikamwagiwa mchuzi mzito, nayo aghalabu ni hivyohivyo. Aulize kabla ya kuketi.

Niliporudi nilitaka kuzijaribu tambi hizo nyumbani, na shemeji yangu akaniletea magadi ya gunia kutoka sokoni. Sikuyatumia. Magadi ghafi ya maziwa yetu yanaweza kuwa na floridi nyingi, ambayo huyaharibu meno ya watoto, na hata kwenye maharage nashauri yapunguzwe. Nilichukua bikaboneti ya sodiamu, ile soda nyeupe ya vikebe, nikaitandaza kwenye trei na kuioka saa nzima kwenye joto la nyuzi 150. Joto huondoa maji na hewa ya kaboni, uzito unapungua kwa karibu theluthi moja, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu. Usiishike kwa mkono mtupu, kwani inakereketa ngozi. Gramu 5 ziyeyushwe kwenye maji ya kukandia unga wa nusu kilo.

Donge la kwanza lilinitoa jasho. Nilipoliacha lipumzike chini ya kitambaa na kurudi baada ya nusu saa, lilikuwa limekwisha kuwa la manjano.