Fumbo, Ishara na Usaliti: Tunajifunza Nini kutoka kwa Riwaya za Vyama vya Siri?

Utangulizi

Swali kuhusu ishara huwatatiza watahiniwa wengi wa karatasi ya Fasihi. Mtahiniwa akitakiwa kueleza matumizi ya ishara katika riwaya teule, aghalabu huandika orodha: damu ni mauti, giza ni uovu, njiwa ni amani, maji ni uhai. Orodha hiyo huwa ameikariri hata kabla ya kuifungua riwaya yenyewe. Hupata alama chache, naye hubaki akishangaa amekosea wapi.

Makala haya yanadhamiria kueleza tofauti kati ya fumbo na ishara, kwani kosa la mtahiniwa huyu limejikita katika kuvichanganya viwili hivi. Tutatumia riwaya pendwa ambayo si kitabu teule, lakini ambayo walimu na wanafunzi wengi ama wameisoma ama wameitazama filamu yake ya mwaka 2006. Riwaya yenyewe ni The Da Vinci Code, iliyoandikwa na Mmarekani Dan Brown na kuchapishwa mwaka 2003. Tumeiteua kwa sababu imejaa alama za siri, na pia kwa sababu ina funzo ambalo wasomaji wake wengi hulipita mbio wakikimbilia ukurasa wa mwisho.

Muhtasari wa riwaya

Jacques Saunière, msimamizi mkuu katika jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris, anauawa usiku ndani ya jumba hilo. Kabla ya kukata roho anaacha ujumbe sakafuni na kujichora alama mwilini. Kapteni Bezu Fache anamshuku Robert Langdon, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard anayechunguza alama za kale. Sophie Neveu, mjukuu wa marehemu na mtaalamu wa polisi wa kufumbua maandishi ya siri, anamsaidia Langdon kutoroka. Wawili hawa wanafuata vidokezo vya babu kutoka Paris hadi London na hatimaye kanisa la Rosslyn huko Scotland. Inabainika kuwa Saunière alikuwa kiongozi wa chama cha siri kiitwacho Priory of Sion. Inabainika pia kwamba Leigh Teabing, mwanahistoria tajiri aliyewapa hifadhi, ndiye 'Mwalimu' aliyepanga mauaji hayo.

Taharuki ya riwaya hii inatokana na muundo wake. Ina sura 105, nyingi zikiwa fupi mno, na mwandishi huzoea kuikata sura pale msomaji anapotaka kujua zaidi.

Fumbo si ishara

Fumbo lina jibu moja lililofichwa na aliyelitunga. Saunière anaandika tarakimu zilizovurugwa. Zikipangwa upya, tunapata mfuatano wa Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, ambapo kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Baadaye tarakimu hizo hizo zinakuwa nambari ya akaunti ya benki. Sanduku likishafunguliwa, kazi ya tarakimu imekwisha. Fumbo ni kufuli: likifunguka, halina la ziada la kutuambia.

Ishara haiishi hivyo. Saunière alijichora tumboni nyota ya pembe tano kwa damu yake. Fache anapoiona, anafikiria ibada ya shetani. Langdon anamweleza kuwa zamani nyota hiyo ilihusishwa na uke na sayari ya Zuhura. Nasi tukiangalia bendera ya jirani zetu wa Somalia, tutaiona nyota ya pembe tano ikiwakilisha maeneo matano wanamoishi Wasomali. Alama ni moja, ila maana inategemea nani ameichora, wapi na kwa nini. Hakuna kamusi ya siri iliyofungia maana hizo.

Mfano bora zaidi ni herufi mbili, P na S, zilizoandikwa mbele ya jina la Langdon mwishoni mwa ujumbe wa marehemu. Kwa Fache, mstari huo ni nyongeza inayomtaja muuaji. Kwa Sophie, herufi hizo ni jina la utani alilopewa na babu yake utotoni, Princesse Sophie, yaani Binti Mfalme Sophie. Langdon naye anaziona kuwa herufi za mwanzo za Priory of Sion. Kila mmoja anasoma kulingana na anayoyajua. Mwenye ushahidi haba zaidi, yaani Fache, ndiye mwenye uhakika mkubwa zaidi. Hicho ni kinaya ambacho mwanafunzi angefaa kukitambua.

Majazi

Mwandishi ametumia majazi kwa ufundi wa mchezo. Jina la Askofu Aringarosa linakaribiana na maneno ya Kiitaliano ya 'samaki aina ya heringi' na 'wekundu'. Waingereza humwita 'heringi mwekundu' mtu au jambo linalowapotosha wachunguzi, na kweli askofu huyo anatufanya tumshuku bure. Leigh Teabing naye amepewa majina ya waandishi wawili, Richard Leigh na Michael Baigent, jina la pili likiwa limepanguliwa herufi. Waandishi hao walikishtaki kiwanda cha uchapishaji jijini London wakidai mawazo yao yameibwa. Walishindwa mnamo Aprili 2006. Jaji Peter Smith alificha fumbo lake mwenyewe katika hukumu kwa kutumia herufi za mlazo!

Majazi ya aina hii ni mafumbo: ukishayafumbua umemaliza. Linganisha na Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, riwaya iliyowahi kutahiniwa nchini. Maana ya jina ni wazi tangu mwanzo, wala hakuna kilichofichwa. Hata hivyo, kila tendo la Mtemi linaliongezea jina hilo uzito wa kinaya. Hayo ndiyo majazi yenye thamani ya kifasihi.

Usaliti katika ukoo

Kiini cha riwaya, kwa maoni yetu, hakimo katika chama cha siri bali katika uhusiano wa babu na mjukuu. Kwa mbinu rejeshi tunaelezwa kwamba miaka kumi kabla ya mauaji, Sophie alifika nyumbani kwa babu yake huko Normandy bila kutarajiwa. Aliona ibada ya siri ya watu waliovaa vinyago, babu yake akiwemo. Aliondoka bila kuuliza swali hata moja, na hakutaka tena maelezo yake.

Babu naye hana mikono safi. Alimlea Sophie akiamini kwamba wazazi, nyanya na kaka yake walikufa wote katika ajali ya gari. Mwishoni, huko Rosslyn, Sophie anagundua kwamba nyanya na kaka yake wako hai. Nani basi amemsaliti mwenziwe? Mjukuu aliona ishara moja akaipa maana moja na kufunga mlango. Babu alificha ukweli kwa nia ya kulinda, akamwachia mtoto upweke. Msomaji aliyemaliza mafumbo yote bado ana swali hili mkononi, na hili halina ufunguo.

Ukweli wa riwaya na ukweli wa historia

Riwaya inaanza kwa ukurasa unaodai kuwa Priory of Sion ni chama halisi kilichoanzishwa mwaka 1099. Wasomaji wengi waliyaamini hayo. Ukweli ni kwamba chama chenye jina hilo kilisajiliwa nchini Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na hati zilizodai ukale wake zilikuwa za kughushi. Mwaka 1993 Plantard mwenyewe alikiri mbele ya jaji kwamba alikuwa ametunga mambo hayo. Vivyo hivyo, dai la wahusika kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalene halikubaliwi na wanahistoria.

Opus Dei nayo ni shirika halisi la Kanisa Katoliki, lililoanzishwa Uhispania mwaka 1928, na wengi hapa Kenya wanalijua kupitia Chuo Kikuu cha Strathmore. Hata hivyo, halina watawa, ilhali muuaji Silas anasawiriwa kama mtawa wake. Isitoshe, Silas ana ualbino, na hali hiyo imetumiwa kumtisha msomaji. Mwalimu hana budi kulijadili jambo hili waziwazi, maana ishara ya kukariri inaweza kumdhuru mtu halisi aliyeketi darasani.

Darasani

Mwanafunzi anapokutana na kitu anachodhani ni ishara, ajiulize maswali manne:

1. Kinatajwa wapi, na kinarudiwa mara ngapi?
2. Maana yake inabadilika vipi kadiri ploti inavyosonga?
3. Ni mhusika gani anayekifasiri, na je, anakosea?
4. Ni tukio lipi katika matini linalothibitisha maoni yangu?

Tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wa kutuongoza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inapatikana mahali panapoogopwa kwa sababu ya mzimu. Bwana Msa haanzi na maana ambayo watu wamekwisha kuipa mahali hapo. Anaanza na ushahidi.

Hitimisho

Fumbo humtaka msomaji awe mwerevu. Ishara humtaka awe mvumilivu. Riwaya za vyama vya siri ni burudani nzuri na hufunza taharuki, majazi na mbinu rejeshi. Ila mtahiniwa asizitoe humo tabia za Kapteni Fache. Hoja isiyo na ushahidi wa matini haipewi alama, hata ikisemwa kwa uhakika namna gani.

Maswali ya kudurusu

1. Fafanua tofauti kati ya fumbo na ishara ukirejelea riwaya yoyote uliyoisoma. (alama 8)
2. "Anayeficha ukweli ili kulinda pia ni msaliti." Jadili kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili wa riwaya teule. (alama 12)