Mawe Yatokayo Baharini

Bila shaka mmepata kusikia jinsi Warumi wa kale walivyopenda marumaru. Waliikata katika milima ya Carrara, na nyingine wakaipakia merikebuni kutoka Ugiriki na Afrika ya Kaskazini, ili wapambe mahekalu na nyumba za wakubwa wao. Je, wazee wa pwani yetu, wasio na marumaru, walijenga kwa nini?

Twende pamoja kutoka Kariakoo, tuifuate Barabara ya Morogoro hata bandarini. Hapo pana Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860, zamani za Sayyid Majid, Sultani wa Unguja. Kuta zake nene ni za matumbawe, yaani mawe yaliyofanywa na vijidudu vya baharini.

Mawe hayo yalikuwa ya namna mbili. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu, katika miamba iliyoachwa na bahari zamani sana. Ndiyo ya kuta. Yale laini yalikatwa majini yangali mabichi, yakachongwa upesi, kwa maana yakikauka huwa magumu. Ndiyo ya miimo ya milango na nakshi, kama zionekanavyo Kilwa Kisiwani hata leo. Vipande vingine vilichomwa juu ya rundo la magogo, vikawa chokaa. Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti za Rufiji zilisafiri kwa majahazi hata Arabuni. Nazo kwa kuwa ni fupi, vyumba vikawa vyembamba na virefu.

Lakini jiwe hili lina sharti lake: hunywa maji. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua, na unyevu hutoka. Ukipakwa saruji, unyevu hufungwa ndani, na ncha za boriti huoza pasipo mtu kujua. Nyumba ya namna hii haifi kwa siku moja. Hufa kwa kupuuzwa.

Tukumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake ilianguka, na watu wawili wakafa. Boma letu nalo lilichakaa, bali likatengenezwa, na sasa habari za majengo ya mji zaonyeshwa humo.

Basi, wewe ukaaye katika nyumba ya mawe ya kale, safisha mifereji ya paa kabla ya masika, na baada ya mvua paka chokaa, wala usikimbilie saruji. Tena tusiyakate matumbawe yaliyo hai, maana ndiyo makao ya samaki tuwanunuao Feri. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa namna hii, ukianguka, ni nani leo ajuaye kuujenga?