Bodaboda, mama lishe na wakala wa simu: kazi zao zinahesabiwaje?

Msikilizaji wetu, ukimuuliza kijana wa Mapera anafanya kazi gani, mara nyingi atajibu, "Mimi ni mkulima." Lakini mkulima huyo huyo ana pikipiki ya kubeba abiria, na mke wake anauza chai na maandazi siku za mnada. Kwenye takwimu za ajira wanaandikwa wapi?

Wataalamu hugawa kazi katika mafungu makubwa matatu. La kwanza ni kilimo, pamoja na ufugaji, misitu na uvuvi. La pili ni viwanda, na humo humo madini na ujenzi. La tatu ni huduma: biashara, usafirishaji, hoteli, shule, zahanati, benki, ulinzi, saluni na ofisi za serikali.

Tufuate gunia moja la kahawa ya Mbinga. Anayeichuma yuko kwenye kilimo. Anayeikoboa kiwandani yuko kwenye viwanda. Dereva anayeisafirisha yuko kwenye huduma. Kule Mbamba Bay nako ni vivyo hivyo: mvuvi anahesabiwa na wakulima, lakini anayenunua dagaa na kuwauza Songea yuko kwenye huduma.

Hesabu yenyewe hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Njia moja ni kuwauliza waajiri wana wafanyakazi wangapi na wanawalipa kiasi gani. Inafaa kwa walimu, wauguzi na watu wa benki, maana majina yao yamo kwenye orodha za mishahara na mifuko kama NSSF na PSSSF. Bodaboda hana mwajiri wa kuulizwa, kwa hiyo njia hiyo haimfikii.

Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hufanya pia Utafiti wa Nguvu Kazi, ambao hupita kwenye kaya. Umefanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Hauendi kila nyumba kama Sensa ya Agosti 2022. Huchagua baadhi ya kaya, na kila kaya iliyochaguliwa inabeba picha ya nyingine nyingi. Mdadisi huuliza ulifanya nini siku saba zilizopita, kwa saa ngapi, na kama una kazi nyingine mbali na ile kuu.

Utafiti wa 2014 ulionyesha kuwa Tanzania Bara takribani watu wawili katika kila watatu wenye kazi walikuwa kwenye kilimo. Ule wa 2020/21 ulionyesha takribani sita katika kila kumi. Kilimo bado kinaongoza, lakini watu wanasogea, na wengi wao wanaelekea kwenye huduma.

Tuwe waangalifu katika kuzisoma namba hizi. Wakati wa kuchuma kahawa, mwenye pikipiki anaweza kushinda shambani wiki nzima. Miezi mingine anashinda kijiweni. Kwa hiyo namba za msimu mmoja zisilinganishwe hivi hivi na za msimu mwingine. Tena, kuhesabiwa kuwa una kazi si sawa na kuwa na kipato cha kutosha. Kwa vipimo vya kimataifa, hata saa moja ya kazi ya malipo katika wiki inatosha kuhesabiwa.

Hapa ndipo jibu lako lina uzito. Ukisema "mkulima tu" na kunyamaza, kijiwe, genge na kibanda cha kutuma fedha havionekani. Anayepanga mafunzo ya ufundi, mikopo ya vikundi au stendi anaweza kudhani huku hakuna watu wa huduma. Akina mama ndio hupotea zaidi, kwa sababu mara nyingi biashara zao huitwa "kusaidia nyumbani."

Wengine huficha wakiogopa kodi. Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja. Kinachotangazwa ni jumla. Hata hivyo, mdadisi akifika, mwombe kitambulisho na muulize mwenyekiti wa kijiji kama anamfahamu. Akitaka namba yako ya siri ya simu, huyo si mdadisi.

Akiwa wa kweli, mtajie kazi zote: shamba, pikipiki, maandazi, na saa unazotumia kwa kila moja.